MATE YAWEZA KUTUAMBIA NINI JUU YA MARADHI?

Mate ni kitu kinachodharauliwa sana. Mtu akitaka kuonyesha chuki hutema mate chini, na mtoto akitemea mate ovyo hupigwa makofi. Lakini siku hizi waganga na watu wa maabara wanayatumia mate kwa kazi ambayo zamani ilihitaji sindano na damu, nayo ni kutambua kama mwili wa mtu umekwisha kukutana na virusi vya maradhi fulani. Vipimo vya namna hiyo vimetumika kwa surua, rubela, matumbwitumbwi, homa ya ini na kwa virusi vya UKIMWI, yaani VVU.

Nimeona yafaa kuandika juu ya jambo hili katika gazeti letu kwa sababu mbili. Kwanza, lafuatana vizuri na masomo yetu ya Biolojia juu ya damu na kinga ya mwili. Pili, ni jambo ambalo watu wengi hulisikia nusu nusu, na habari iliyosikiwa nusu yaweza kumdhuru mtu. Katika mabweni nimesikia hoja hii: "Kama VVU hupimwa katika mate, basi vimo katika mate, na kama vimo katika mate, usinywee kikombe cha fulani." Kwa hoja hiyo mwenzetu mmoja muhula uliopita alikula peke yake muda wa wiki mbili, na hakuna aliyejua kama ni mgonjwa au si mgonjwa. Maneno hayo yaonekana kuwa ya akili, walakini ni ya uongo. Msomaji akivumilia kusoma ataona mwenyewe uongo huo uko mahali gani.

MATE YATOKA WAPI

Mate hutengenezwa na tezi. Zipo jozi tatu za tezi kubwa: moja mbele ya masikio, ya pili chini ya taya, na ya tatu chini ya ulimi. Zaidi ya hizo zipo tezi ndogo nyingi zilizotawanyika katika midomo na mashavu. Kwa siku moja mtu mzima hutoa mate kiasi cha nusu lita mpaka lita moja na nusu. Sehemu yake kubwa, zaidi ya 99 katika 100, ni maji. Kilichobaki ni chumvichumvi, ute, na vimeng'enya kama kile kinachoanza kuvunja wanga wa ugali wakati tunapotafuna.

Hayo tumekwisha kujifunza darasani. Lakini kuna maji mengine kinywani ambayo hayatoki katika tezi, nayo ndiyo yenye maana kubwa katika habari hii. Kati ya jino na ufizi kuna mfereji mwembamba sana. Chini ya ngozi ya ufizi imepita mishipa midogo ya damu, na kutoka katika mishipa hiyo majimaji ya damu hupenya polepole mpaka yakatokea katika mfereji ule na kuchanganyika na mate. Chembe nyekundu hazipiti, lakini baadhi ya vitu vilivyoyeyuka katika majimaji ya damu hupita. Kwa hiyo kinywa cha mtu mzima wa afya, asiye na kidonda chochote, kina alama ndogo ya yale yaliyomo katika damu yake.

Ndiyo sababu mtu anayepimwa kwa njia hii aghalabu haambiwi ateme mate. Huambiwa apitishe kijiti au sifongo juu ya fizi zake. Kinachotafutwa hasa ni yale majimaji ya fizini.

KINGAMWILI NI NINI

Virusi vinapoingia mwilini, mwili haulali. Chembe nyeupe za damu hutengeneza protini maalumu ziitwazo kingamwili. Kila kingamwili ina umbo la kushika kitu kimoja tu, kama ufunguo na kufuli yake. Kingamwili ya surua hushika virusi vya surua, lakini haiwezi kushika virusi vya matumbwitumbwi.

Zipo kingamwili za aina kadha, nasi hapa tutazitaja mbili. Aina ya kwanza huitwa IgM. Hizi ndizo zinazotoka mbio mwanzoni, kama watu wa kijiji wanaotoka na marungu baada ya kusikia mbiu ya mgambo. Hukaa majuma kadha au miezi michache, halafu hupungua na kutoweka. Aina ya pili huitwa IgG. Hizi huchelewa kidogo, lakini zikisha kuja hukaa, mara nyingi kwa miaka mingi, kama walinzi waliowekwa mlangoni baada ya mwizi kukimbizwa.

Basi, mtu wa maabara akiikuta IgM ya surua katika majimaji ya fizi za mtoto, hujua kwamba mtoto huyo amepata surua karibuni au amechanjwa karibuni. Akiikuta IgG peke yake, hujua kwamba mwili wa mtoto ulikutana na surua zamani, ama kwa kuugua ama kwa chanjo. Mwindaji hana lazima ya kumwona simba ili ajue amepita. Hutazama nyayo, na kwa nyayo hutambua kama ni za leo au za juzi.

Neno hili la nyayo nataka msomaji alishike vizuri. Kipimo cha kingamwili hakitafuti virusi. Hutafuta kazi iliyofanywa na mwili wenyewe kwa ajili ya virusi.

SHIDA YA UCHACHE

Jambo hili laonekana jepesi, lakini lilikuwa na shida moja kubwa. Kingamwili za IgG zilizomo kinywani ni chache mno. Hukadiriwa kuwa kiasi cha sehemu moja tu kwa elfu ya zile zilizomo katika damu. Tena kiasi hicho hubadilika: mtu mwenye mate mengi huzifanya ziwe nyepesi zaidi, na mtu mwenye kinywa kikavu huzifanya ziwe nzito. Kipimo cha kawaida cha damu, kikitumiwa juu ya mate, kingepita bila kuona kitu.

Mwaka 1987 wataalamu watatu wa Uingereza, Parry, Perry na Mortimer, walieleza katika jarida la The Lancet njia ya kuishinda shida hiyo. Njia yao yaweza kufananishwa na mama anayenunua mchele sokoni. Akitaka kujua mchele una chuya kiasi gani hamwagi gunia lote wala hahitaji kujua uzito wake. Huchota konzi moja, hutazama katika konzi ile chuya ni ngapi na mchele ni kiasi gani, naye hupata jibu lake.

Wao nao walifanya hivyo. Kwanza walinasa kingamwili za IgG za kila namna zilizomo katika mate, bila kuchagua. Baadaye waliziuliza zile zilizonaswa: kati yenu, ni sehemu gani inayoshika virusi hivi? Mate yakiwa mepesi au mazito haidhuru sana, maana kinachopimwa ni sehemu wala si jumla. Kwa njia hiyo mate yalianza kutoa majibu ya kuaminika.

MFANO WA SURUA KATIKA UINGEREZA

Mfano mzuri wa faida ya kipimo hiki ni habari ya surua katika Uingereza. Kwa miaka mingi madaktari wa huko walipomwona mtoto mwenye homa na vipele waliandika "surua" wakapeleka habari serikalini. Zamani, surua ilipokuwa nyingi, aghalabu walikuwa sahihi. Lakini chanjo ilipoenea surua ilipungua sana, na homa nyingine zenye vipele zikabaki. Kwa macho tu daktari hawezi kuzitenganisha daima. Kuwachoma sindano watoto wote wenye vipele ili kupata damu lilikuwa jambo gumu, maana wazazi hawakupenda, na mishipa ya watoto wadogo haionekani vizuri.

Tangu Novemba 1994 walianza kutumia majimaji ya fizi. Daktari akiisha kupeleka habari za mgonjwa, nyumbani kwake hutumwa sifongo ndogo yenye mpini pamoja na kichupa. Mzazi huisugua sifongo ile juu ya fizi za mtoto kama mswaki, kwa muda wa dakika moja hivi, huitia katika kichupa, kisha huipeleka posta. Maabara iliyoko Colindale, London, hutafuta IgM ya surua, ya rubela na ya matumbwitumbwi. Mambo yaliyoonekana katika miaka ya kwanza yaliwastaajabisha wengi: sehemu ndogo tu ya wale walioandikwa "surua" ndio waliokuwa na surua kweli.

Huenda mtu akauliza, "Kuna faida gani kujua kwamba haikuwa surua, kama mtoto amekwisha kupona?" Faida ipo. Nchi isiyojua surua yake iko wapi haiwezi kujua chanjo imekosekana wapi. Rubela nayo, ijapokuwa kwa mtoto ni homa ndogo, ikimpata mama mwenye mimba changa yaweza kumharibu mtoto aliye tumboni macho, masikio na moyo. Hapa Tanzania chanjo ya surua na rubela hutolewa mtoto akiwa na miezi 9, na tena akiwa na miezi 18, na sababu ya kuunganisha chanjo hizo mbili ni hiyo.

Hata hivyo mate hayafai sawasawa kwa kila maradhi. Mwaka 2001 jarida la Shirika la Afya Duniani lilichapisha uchunguzi uliofanywa mashambani Ethiopia, ambako majimaji ya fizi yalilinganishwa na damu za watu wale wale. Kwa surua mate yalikubaliana na damu vizuri sana. Kwa rubela yalikuwa mazuri kiasi. Lakini kwa homa ya ini ya aina ya B, zaidi ya nusu ya watu ambao damu yao ilikuwa na kingamwili hawakutambuliwa kwa mate. Hii yatuonya kwamba kipimo chema cha maradhi haya si lazima kiwe chema kwa maradhi yale.

KIJITI CHA VVU

Sasa tuje kwenye kipimo ambacho wasomaji wengi wamekisikia, yaani kijiti cha kujipima VVU kwa majimaji ya fizi. Shirika la Afya Duniani lilitoa shauri la kutumia vipimo vya kujipima mwezi wa Desemba mwaka 2016. Kenya ilianza kuvieneza mwaka 2017, na Tanzania ilibadili sheria yake mwaka 2019 ili kuruhusu watu kujipima.

Kijiti hiki kina pedi laini kwenye ncha. Mtu huipitisha pedi mara moja juu ya ufizi wa juu na mara moja juu ya ufizi wa chini, kisha hukisimamisha kijiti katika kichupa chenye maji maalumu. Maji yale hupanda ndani ya utepe wa karatasi kama wino unavyopanda katika karatasi ya kukaushia. Njiani yamebeba chembe ndogo sana za dhahabu ambazo hushikamana na kingamwili. Chembe hizo zikikusanyika mahali pamoja huonekana kama mstari wenye rangi ya zambarau nyekundu.

Mahali pa kukusanyika ni pawili. Mahali pa kwanza, penye herufi T, pamewekwa vipande vya protini vilivyotengenezwa kwa kuiga protini za VVU. Kingamwili za VVU zikipita hapo hunasa, na mstari hutokea. Mahali pa pili, penye herufi C, hunaswa IgG yo yote ya binadamu. Mstari huu sharti utokee kila mara. Usipotokea, maana yake kipimo hakikufanya kazi, labda kwa kuwa fizi hazikuguswa vizuri, na jibu lake halina thamani.

Majibu husomwa baada ya dakika 20, wala si baada ya dakika 40. Mtu asile wala asinywe kitu dakika 15 kabla ya kupima, na asipige mswaki kwa dawa ya meno dakika 30 kabla yake.

Sasa turudi kwenye ile hoja ya kikombe. Msomaji amekwisha kuona kwamba kijiti kile hakina mahali hata pamoja pa kunasa virusi. Protini za kuiga virusi zimewekwa na kiwanda. Mtu mwenyewe huleta kingamwili zake tu. Kwa hiyo mstari wa T hausemi, "Katika mate haya mna VVU." Husema, "Mwili wa mtu huyu umetengeneza kingamwili za VVU." Na kingamwili haziambukizi mtu ye yote. VVU huambukizwa kwa kujamiiana, kwa damu, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa mimba, wa kuzaa au wa kunyonyesha. Haviambukizwi kwa kikombe, kwa kijiko, kwa sahani, wala kwa kulala bweni moja. Yapo maradhi yanayopita kwa mate, matumbwitumbwi likiwa mojawapo, na kwa hayo ni vema kila mtu awe na kikombe chake. Lakini kumtenga mwenzio mezani kwa sababu ya VVU ni ukatili usio na faida, hata kama ingekuwa kweli kwamba anavyo.

KIPIMO NA HESABU

Kipimo hiki chaweza kukosea kwa njia mbili. Kilipokubaliwa Marekani kutumiwa nyumbani, mwezi wa Julai 2012, ilielezwa kwamba kati ya watu 12 wenye VVU, mmoja aliambiwa hana. Na kati ya watu 5,000 wasio na VVU, mmoja aliambiwa anavyo.

Tufanye hesabu ya kubuni. Tuseme wanafunzi 10,000 wamejipima, na kati yao 10 wana VVU. Katika wale 10, kipimo kitawaona kama 9. Katika wale 9,990 wengine, kitawasingizia kama 2. Basi watu 11 wataona mstari wa T, na kati yao 2 si wagonjwa hata kidogo. Kwa hiyo ni sheria ya vipimo hivi kwamba mtu akiona mistari miwili asihukumu wala asikate tamaa, bali aende kituo cha afya akapimwe damu kwa taratibu zote. Naye yule mmoja aliyekosekana atabaki akijiona mzima. Kwa hiyo asiyeona mstari wa T, kama alijitia katika hatari, asiamini kupita kiasi.

Yapo mambo mengine matatu ya kukumbuka. La kwanza, mwili huchukua muda kutengeneza kingamwili. Aliyeambukizwa wiki iliyopita hana nyayo za kuonyesha bado, na shauri ni kupima tena baada ya miezi mitatu. La pili, mtu anayetumia dawa za kupunguza VVU asijipime kwa kijiti hiki, maana kingamwili zake zaweza kupungua hata kijiti kisione kitu, naye akadhani amepona akaacha dawa. La tatu, mtoto mchanga huzaliwa na IgG za mama yake zilizopita katika kondo la nyuma. Kipimo cha kingamwili kwa mtoto aliye chini ya miezi 18 chaweza kusema habari za mama tu. Mtoto hupimwa kwa njia nyingine, yenye kutafuta virusi vyenyewe.

MAMBO YA SASA

Wakati wa UVIKO-19 tulisikia habari za vipimo vya mate pia, na hapo watu wengi walichanganya mambo. Vipimo vingine vilitafuta virusi vyenyewe ili kujua nani ni mgonjwa leo. Vingine vilitafuta kingamwili, ili kujua nani amekwisha kuugua au kuchanjwa. Mate yaweza kuwa yale yale na kijiti kufanana, lakini maswali ni mbalimbali. Kwa hiyo mtu akikuambia, "Nimepimwa mate," swali la kwanza la kumwuliza ni, "Walitafuta nini?"

Kazi inaendelea. Mwezi wa Julai 2024 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwa mara ya kwanza kipimo cha kujipima homa ya ini ya aina ya C, nacho hutumia majimaji ya fizi. Kwa nchi zetu, ambako hospitali yaweza kuwa mbali, barua ya sifongo au kijiti kidogo ni rahisi kusafirisha kuliko chupa ya damu, na mtu anayeogopa sindano hana udhuru tena.

Wenzangu, na hasa ninyi wa Kidato cha Kwanza na cha Pili, mkisikia habari ya kipimo cho chote, ulizeni mambo matatu: kinatafuta nini, hukosea mara ngapi, na nani atathibitisha jibu lake. Aliye na shaka juu ya afya yake asitafute jibu katika mazungumzo ya bwenini. Amwendee muuguzi wa shule au kituo cha afya, ambako habari zake zitafichwa. Na wazazi wanaosoma gazeti hili nawaomba watazame kadi za kliniki za wadogo zetu, waone kama chanjo ya surua na rubela ya miezi 18 imeandikwa. Wengi huikumbuka ile ya miezi 9, wakaisahau hii ya pili.

Mwanafunzi wa Kidato cha IV